Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Akidi imetimia: watu watano na mbwa mmoja
ambaye Waylon ameomba ahesabiwe.
Nje, theluji ya Ziwa Superior imemeza baiskeli
zilizofungwa tangu Oktoba;
zimebaki kengele tu, juu juu, kama macho ya vyura.
Ndani, mabomba ya mvuke yanagonga
kama mgeni asiyejua kwamba mlango u wazi.

Ajenda ya kwanza: Wiki ya Afya ya Mwili na Nafsi.
Fedha iliyopo: dola mia tatu na kumi na mbili,
na senti ambazo Aili, mweka hazina, hakubali zisitajwe.
Pachia anapendekeza supu.
Brody, mwenyekiti, anapendekeza mkandaji kutoka mjini.
Bei inasomwa. Pendekezo linajifia lenyewe.
Waylon: mbwa aletwe maktabani siku za mtihani,
alale pale zuliani, mwenye shida amshike sikio.
Limepita. Hakuna aliyepinga. Mbwa amepiga mwayo.

Ajenda ya pili imekula saa nzima:
tuuiteje usiku wa kulala mapema?
Nimeandika majina kumi na moja, nimefuta kumi.
Lililobaki halichekeshi,
nalo ndilo litakalobandikwa milangoni.

Mimi ni katibu. Kazi yangu kuandika yaliyosemwa;
daftari hili halina safu ya yasiyosemwa.
Basi hapa pembeni, kwa penseli:
Aili amekunywa kahawa nne tangu tuketi.
Aili ndiye aliyechora bango la usingizi,
mwezi, mto, kondoo watatu waliovaa soksi,
akalimaliza saa tisa za usiku.
Najua, maana alinitumia picha
nami nikamjibu papo hapo.

Mganga hajigangi, sawa.
Lakini mganga huyu ana miaka kumi na tisa,
zamu ya alfajiri kwenye tanuri la mikate,
na mama, ng'ambo ya daraja, asiyepokea simu.

Ajenda ya tatu: mengineyo.
Pachia, macho yake kwenye orodha ya karoti:
"Aili, kwenye supu unakuja kama nani?"
"Kama mweka hazina."
"Hazina hainywi supu."
Mabomba yakanyamaza. Hata mabomba.
Aili akafunga kikokotoo, akakifungua tena, akasema
kuna senti tisini na nne zilizozidi,
sijui zimetoka wapi,
wiki nzima nazihesabu, zinarudi zile zile,
na hapo akaanza kulia
kama mtu anayejumlisha tarakimu ndefu,
polepole, akibeba moja,
akibeba moja.

Brody akapekua kijitabu cha kanuni.
Kuna kifungu cha kura ya siri,
kuna kifungu cha mjumbe mtoro.
Waylon hakutafuta kifungu, aliachia kamba tu.
Yule mbwa akavuka chumba bila kuomba nafasi ya kuzungumza
akaweka kidevu juu ya kiatu chake.

Kikao kimeahirishwa saa mbili na robo usiku.
Hoja ya bajeti haikufungwa.

Yafuatayo si sehemu ya kumbukumbu:
tulikwenda jikoni bweni la pili,
Pachia akapasha moto wali wa jana na mchuzi wa tangawizi,
Aili akala vijiko sita (nilihesabu, ndiyo tabia yangu)
akalala kwenye kochi lenye mguu mmoja wa tofali
akiwa na koti, na kofia, na kalamu mkononi.
Brody alisimama mlangoni akiwafukuza wacheza pingipongi
kwa ishara, kama polisi wa barabarani.
Mtu fulani akampigia simu mwoka mikate
akajifanya binamu.

Nimerudi chumbani, nanakili upya kwa wino.
Mahudhurio, fedha, supu, mbwa.
Zile senti tisini na nne
nimezirudisha mahali pake, mstari wa mwisho.
Penseli sijaifuta.