Breki

Miaka kumi na mmoja nilimjua kwa bega.
Bega la kulia, gumu kama taruma,
likinisubiri kando ya mstari wa chokaa
kila Bandari yetu iliposhuka Tabora.
Uso wake sikuuona vizuri hadi msimu wa tatu:
winga hatazami uso wa beki,
hutazama miguu,
na miguu yake ilikuwa na uongo mwingi.

Shija Mlekwa, mtu wa Isevya.
Alizaliwa nyuma ya mapacha, akala kilichobaki,
akajifunza mapema kunyang'anya bila kugombana.
Ng'ambo walikuwa na wachezaji wa madoido;
yeye hakuwa na doido hata moja.
Mpira ukimfikia aliutuma kwa mwenyewe,
kama karani wa posta mwenye foleni ndefu.

Mashabiki wa Reli waligonga madebe:
*Breki kafunga breki,
gari la Kigoma haliendeki!*
Na mimi, Mgebuka, niliyewateleza
mabeki wa Mwanza, mabeki wa Dodoma,
nilisimama pale, vumbi kinywani, siendeki.

Dar walimwita. Alikaa siku kumi na tisa,
akarudi na begi lile lile.
Waliomuuliza kwenye kahawa, Kanyenye,
aliwajibu: "Kule usiku hausikii filimbi. Silali."
Wengine walisema ni woga. Wengine, mke.
Kocha wetu alisema ni mpumbavu,
kisha akatutaka tukabe kama mpumbavu yule.

Hakuna aliyemlipa kwa mpira.
Sabuni, ndiyo. Doti ya khanga kwa mkewe.
Mwaka wa ubingwa wa mkoa walipewa baiskeli moja,
watu kumi na wanane. Wakagawana siku.
Yake ilikuwa kila Jumanne ya tatu.

Nataka niseme la Jumamosi ile.
Treni yetu ilichelewa Uvinza, ikachelewa tena Kaliua,
tukaingia Tabora saa tisa za usiku.
Nje ya dirisha mtu mwenye taa ya kijani
aliinama, akavuta wenzo wa kugeuza njia;
mabehewa yakaguna, yakashika reli yetu.
Sikumjali. Nani humjali mwenye taa?

Saa kumi alasiri mpira ulianza.
Dakika ya themanini na nane
bega halikuwapo.
Nikapita. Nikafunga. Nikakimbia kama mwehu hadi kwenye kibendera,
na nilipogeuka nikamwona ameketi kwenye majani,
hana jeraha, ameketi tu
kama mtu aliyefika kwake na kukuta mlango umefungwa.
Nilimpa mkono ainuke.
Viganja vyake vilikuwa na grisi kwenye kila mstari.
"Mlichelewa sana," aliniambia. "Nilitakiwa nitoke saa nne."

Ndipo nikaijua ile taa.

Tangu siku hiyo nilimletea migebuka ya kukausha,
naye akanipa asali kwenye chupa ya mafuta ya taa
iliyooshwa, lakini si sana.
Tulikabana misimu minne zaidi.
Hakuniachia tena hata nusu hatua,
na mimi sikutaka aniachie.

Jana nilishuka kumzika.
Nilikuja kwa basi; njia ni lami sasa, saa chache tu,
hakuna mtu wa kukugeuzia reli gizani.
Pale Isevya mbebaji mmoja alichoka, nikaingia.
Jeneza likanikalia bega la kushoto,
lile lile,
mahali alipozoea.

Alikuwa mwepesi. Nikajikuta naongeza mwendo.
Mzee mmoja wa Reli akanivuta shati:
"Taratibu, Mgebuka.
Leo hakufukuzi."