Kitufe

Saa tisa usiku, Ansan, kibanda cha maegesho.
Deok-su ameegemeza simu kwenye birika la chai ya shayiri
na shujaa wake anapigana peke yake.
Kitufe kimewashwa: upanga wajua pa kushukia,
dawa yajinywesha damu ikipungua,
mbwa mwitu wanadondoka kama risiti.

Yeye anainua kizuizi, anashusha kizuizi.
Gari jeupe. Gari jeupe. Teksi.

Alfajiri anasoma hesabu:
mbwa mwitu mia nne na kumi,
ngazi mbili juu.
Mjane wa mfinyanzi aliomba jambo;
mazungumzo yamerukwa, jibu limetolewa.
Jibu gani? Haisemi.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
kisu cha mbao, nguvu tatu, kimeuzwa.
Sarafu kumi na mbili.

Kisu kile alipewa na Hyeon-cheol, mdogo wake,
usiku wao wa kwanza mchezoni,
kabla jina lake halijageuka kijivu
kwenye orodha ya marafiki.
Mashine haikukosea. Nguvu tatu ni nguvu tatu.

Anazima kitufe.
Kidole gumba kimekufa ganzi kwa baridi.
Anamrudisha shujaa kijijini kwa miguu,
akamuulize mjane alijibiwa nini,
akamtafute mnunuzi, kama mnunuzi yupo.
Njiani mbwa mwitu anaruka;
Deok-su anachelewa, upanga unakata hewa,
anaumwa mguu,
anacheka, mtu mzima, peke yake kibandani.

Nje honi inalia, inalia tena.
"Subiri," anasema bila kuinua macho,
"napigana."