Sita, Kimya, Nne

Bwana Sagwe alinipigia kabla ya saa tatu.
"Njoo, Apondi, mashine imekufa,
na dawa zangu zinaanza kutoa jasho."
Nikabeba ngazi, mita na brashi laini,
nikakatiza Kibuye katikati ya mafundi wa kuchomelea,
cheche zao zikinisalimu miguuni.

Haikuwa imekufa.
Nyuma ya duka ilining'inia ukutani, kimya,
na ndani ya kifuniko taa nyekundu,
ndogo kama punje ya mtama,
ilikuwa ikipepesa. Nikahesabu kwa midomo:
sita. Kimya. Nne.
Halafu tena, sita. Kimya. Nne.
Kama mtoto aliyefundishwa kutaja mtaa wao
endapo atapotea.

Watu hudhani mashine hizi zinadeka.
Zile za zamani zilijua mambo mawili, kuwaka na kuzima,
zilikimbia mbio ileile mpaka moshi.
Hii ina mwendo. Joto la bomba likipanda
hupunguza hatua,
kama aliyebeba mtungi anapofika penye utelezi.
Likizidi, hupunguza tena.
Umeme ukilegea, wale jamaa wa Kibuye
wakiwasha mitambo yao kwa pamoja,
haibishani nao.
Ikibidi kusimama, husimama,
na haiwaki upesi hata ukiibembeleza:
dakika tatu, gesi itulie, presha zilingane.
Hujaribu mara ya pili. Ya tatu.
Kisha hujifungia, ikaiachia taa maneno.

Nikafungua ubavu wa nje. Visubi.
Usiku walikuwa wamepanda kutoka ziwani kama moshi,
wakaifuata taa ya duka,
wakajibandika kwenye mapezi ya alumini
hadi upepo ukakosa tundu la kupitia.

"Kuna waya mmoja tu," akasema Bwana Sagwe.
"Fundi wa Nyamasaria aliniambia.
Unakata ile sensa, unaunga,
inazunguka kutwa bila maswali."

Nilijua waya huo.
Baba alikuwa nao.
Miaka kumi na tisa kiwandani, zamu ya usiku,
kuwaka na kuzima.
Wiki nzima kikombe kilimponyoka mkono wa kushoto.
Mama akiuliza, alisema, "Ni uchovu,"
akahamishia chai kulia.
Jumatatu ulimi wake ukapinda kwenye jina langu.
Tukacheka, yeye wa kwanza.
Alhamisi walimleta kwa mkokoteni.
Nyumba ya watu saba, wote tunajua kusoma,
na hakuna aliyehesabu.

"Siungi," nikamwambia.
Nikapanda ngazi na mpira wa maji yasiyo na nguvu,
maana maji ya kasi hupinda mapezi,
nikaosha kutoka juu kwenda chini
mpaka visubi wakatiririka ukutani
kama majani ya chai.
Nikapima volti. Nikarudisha swichi.

Dakika ya kwanza Bwana Sagwe alitazama saa.
Ya pili alinitazama mimi.
Ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi,
nikifumba na kufumbua vidole vya mkono wa kushoto,
bila sababu, bila kumwambia mtu.

Ikaanza kwa sauti ya chini mno,
sauti ya mtu anayepapasa sakafu kwa unyayo gizani.
Ikaongeza kidogo. Ikajisikiliza.
Ikaongeza.

"Kwa hiyo ni nini kilichokuwa kimeharibika?"
aliuliza, pochi mkononi.
Hakuna, nikasema. Ndiyo maana ilisimama.
Akalifikiria hilo kwa muda,
akanilipa nusu.
Nyingine, alisema, nikipita kesho
kuona kama bado inapumua.