Kiambatisho cha Tatu

Fomu ya nauli hujazwa nakala tatu,
kwa wino mweusi, herufi kubwa,
bila kufuta.
Hii ni mara yangu ya nne. Mezani, chini ya taa,
sare za watoto wa watu nimezisukuma kando,
cherehani nimeifunika shuka kama mgonjwa aliyepata usingizi.

Jina la mtumishi: SAJENTI ELINEEMA MBWAMBO.
Kituo cha kazi: hapo huwa nasita.
Mwaka juzi ningeandika Arusha, nikamaliza.
Sasa naandika jina la pori moja la kusini
ambalo hata mkata tiketi wa stendi kuu alinikodolea macho
nilipomuuliza nauli yake.
Jina la mtegemezi: NAMKUNDA.
Shule: ya bweni, Kibosho, juu migombani,
ambako alfajiri mlima unaonekana mzima
na saa nne umeshajitanda.

Utaratibu unasema:
mtoto atalipiwa kutoka shuleni hadi kituo cha mzazi,
kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwaka.
Utaratibu haujui kwamba kituo cha mzazi hakina kitanda cha mtoto,
kwamba kitanda chake kiko hapa Sakina,
chini ya dirisha linalotazama Meru.
Kwa hiyo Namkunda huja kwangu,
na safari ya kuja kwangu, kwa mujibu wa kifungu,
si safari.

"Jaza tu, mama," alisema Koplo Sizya, dirisha la uhasibu.
"Anayekataa si mimi. Ila tiketi iwe halisi.
Kivuli hatupokei."

Tiketi halisi ilikuwa mfukoni mwa sketi ya shule.
Niliiokoa beseni likiwa limeshajaa maji.
Moshi–Arusha, siti ya kumi na tisa.
Nyuma, kalamu ya risasi, mwandiko unaoruka kila palipo na tuta,
Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa, ungeweza kuyahesabu:

Baba nimekuwa wa nane.
Viatu vinabana ila bado vinaingia.
Usilete kitu.

Nilikaa nayo hadi chai ikaota utando.
Kama ni barua, ni ya baba yake, na huko posta haifiki.
Kama ni stakabadhi, ni ya serikali.
Ndipo nikauona mstari wa mwisho wa fomu,
ambao siku zote nimeuruka kama kizingiti cha nyumba yangu:
Sahihi ya mtumishi mwenyewe, kituoni kwake.

Basi serikali ingeibeba.
Kwa gari lake. Bure. Na muhuri juu.

Niliibana kwa pini, maandishi yakitazama ndani.
Koplo Sizya akaigeuza; ndiyo kazi yake, kugeuza.
Akasoma.
Akautafuta muhuri kwa muda mrefu
ingawa ulikuwa mbele yake.
Akaugonga pembeni, palipo peupe, polepole,
kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Julai ikapita. Agosti.
Septemba bahasha ikarudi na vumbi jekundu kwenye mikunjo.
Juu, wino wa makao makuu:
HAISTAHILI. KITUO CHA MTUMISHI SI ARUSHA.
Nisiseme uongo, nilikasirika.
Nauli ile ni sukari ya wiki mbili, na chenji ya kiberiti.
Kisha nikafunua ukurasa wa pili.
Sahihi yake, ile inayoegemea kushoto,
na ndani ya kisanduku cha MAELEZO MENGINE
ambacho hakuna anayekijaza,
maneno manne:
Sasa anavaa namba ngapi?

Desemba. Namkunda amekuja, sauti imeongezeka kina.
Nimemsimamisha juu ya karatasi ya kaki,
mguu wa kulia, usitingishike,
nauzungushia chaki ya ushonaji.
Anacheka. Chaki inamtekenya kisigino.

Najua watakataa.
Fomu mpya, nakala tatu, wino mweusi.
Kiambatisho cha kwanza: tiketi.
Cha pili: barua ya mwalimu mkuu.
Cha tatu: unyayo.