Baiti Arobaini na Sita

Onzima, sogeza kiti. Umeme umekwenda,
betri ina saa moja tu, na leo nataka uitazame
hii programu unayoicheka, ya paneli mbili,
bluu kama sare ya shule ya msingi.

Haikuanzia hapa. Misheni ya Ediofe ilipouza
mashine yake kuukuu, haikuwa na kipanya.
Skrini nyeusi, kimstari kinapepesa, na wewe
ukumbuke kila njia kwa kichwa, mkwaju kwa mkwaju,
kama anayetafuta choo usiku nyumbani kwa wakwe.
Kisha mtu fulani, simjui, Mungu amlipe,
akaigawa skrini katikati:
kushoto ulipo, kulia uendako.
Tano, unanakili. Sita, unahamisha. Nane, unazika.
Na kuzika kulikuwa kuzika. Hapakuwa na pipa
la kuingiza mkono asubuhi
utoe ulichojutia jana.

Baadaye zikaja folda za manjano,
mti wa pembeni wenye vijialama vya kujumlisha,
picha ndogondogo za kukuonyesha sura ya faili
hata kabla hujabisha hodi.
Nilizitumia. Zilipendeza. Zilinificha mambo.
Zilikata hata mikia ya majina
nisijue lipi barua, lipi kirusi.

Na wewe, angalia ulivyoacha diski yangu:
Folda Mpya. Folda Mpya (2).
Folda Mpya mpaka ya kumi na moja,
watoto wa kuzaa na kukimbia.
Kwetu jina ni taarifa ya siku yenyewe.
Mimi Candiru: mama alinizaa katika mateso
na hakumficha mtu.
Ipe folda jina la shida yake, utaipata.

Sasa sikia.
Ile Jumanne ya mvua aliingia Adriko, viatu vina tope,
flashi ameifunga kwenye leso.
“Wosia wa mzee. Nakala sita.
Halafu hili ndilo libaki kwako, lile la zamani lina makosa.”
Nikaiweka flashi yake kushoto.
Kulia nikafungua folda ya mwaka elfu mbili kumi na moja.
Marehemu alikaa hapo ulipokaa,
akatamka polepole, akikohoa kila penye nukta.

Jina la faili, lile lile.
Tarehe ya kubadilishwa: lake, jana, saa nne usiku.
Ukubwa: lake limepungua
baiti arobaini na sita.

Si kitu. Picha moja ya harusi inabeba mamilioni.
Nikabonyeza kulinganisha,
na mstari mmoja wa kulia ukawaka njano:

Na shamba la Enyau ni la binti yangu Ayikoru.

Hesabu mwenyewe, na nafasi iliyotangulia, na nukta.

Adriko ni mrefu. Akanyoosha mkono juu ya bega langu,
akabonyeza tano.

Dirisha likajitokeza katikati ya skrini:
Faili lipo tayari. Liandikwe juu yake?
Ndiyo. Hapana. Yote. Ghairi.

Nimeishi na watu, Onzima, ambao hawakuniuliza hivyo.
Mume wangu hakuniuliza. Askari waliochukua baiskeli ya baba
hawakuuliza.
Hiki kiprogramu cha zamani, kisicho na sura,
kilisimama mlangoni na kuuliza,
na kingesubiri hadi kesho.

Mvua ilipiga bati. Kidole chake kilikuwa hewani.
Nikakisukuma kando taratibu, kama unavyoondoa nzi
kwenye sahani ya mgeni,
nikabonyeza Hapana.

Akanyamaza. Akakunja leso mara nne.
Mwisho akauliza bei.
Nikamwambia ukurasa ni shilingi mia tano,
na ninachapa ule wa kulia tu.

Hakurudi. Ayikoru yuko Koboko, anauza muhogo mkavu,
hana flashi wala habari.
Nakala ya saba nimeihifadhi. Itafute.
Usiniulize iko folda gani.
Andika jina lake.