Jiwe Ndani ya Sebule

Nyuma ya daftari la mizani,
ninapoandika kilo za dagaa wa watu,
niligeuza kurasa nikaanza kuandika za kwangu:
prosesa iliyotumika, elfu themanini;
mazabodi, tisini, kama Kadogosa hatageuza kauli;
kumbukumbu, vijiti viwili, giga nne nne
(kumbe inauzwa kwa vijiti; bibi angenunua);
diski isiyozunguka; pawa saplai; kadi ya picha.
Jumla ilinitazama kama mwenye nyumba tarehe mosi.

Nina laki tatu na ishirini.
Nimeihesabu mara tatu, imekataa kuzaa.

Nataka kuchora ramani za nyumba.
Si za tambarare, hizo zina wachoraji.
Nataka za kwetu Igogo, za mlimani,
ambako jiwe lilitangulia kufika
na fundi mwenye akili halivunji:
sebule hujipinda, jiko hupanda ngazi mbili,
kitanda huegemea mwamba
uliohifadhi jua hadi saa nne usiku.
Simu yangu haiwezi. Nikivuta ukuta mmoja
inapata moto kama pasi, kisha inazima,
na nyumba ya watu inabaki bila mlango.

Siku moja Mwaloni kulipoa,
nikatunga kwa mizani ile nyingine:

*Fedha ni kama jabali, halihami kwa hasira,*
*Ulizungukie mbali, upate njia imara,*
*Pupa hununua ghali, angojaye si fukara,*

Mstari wa nne sikuupata.
Boti ya Ukara ilitia nanga na magunia kumi na moja.

Kadi ya picha ndiyo niliyoifuta kwanza.
Niliifuta polepole,
kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi barabarani.

Prosesa na mazabodi nusura nivikosee:
kimoja cha kizazi cha nne, kingine cha pili,
ndoa isiyo na mshenga.
Kadogosa alinyamaza, fedha ilikuwa tayari mkononi mwake.
Ni kijana wake wa kufagia, Sayi,
aliyekohoa.

Pawa saplai zilikuwa mbili.
Ya elfu ishirini na tano niliinyanyua, nikaishusha.
Mimi ni mtu wa mizani:
najua gunia lililotiwa mchanga,
najua na lililopunjwa.
Hii ilikuwa bati na ahadi.
Umeme wa kwetu ukirudi haubishi hodi,
nikachukua ile nzito, ya sabini,
na hapo ndipo deni la Nyanzobe lilipozaliwa:
elfu arobaini, bila riba, ila na masimango.

Kasha alilipiga randa Lugata wa Mabatini,
kwa mbao za kreti la soda.
"Kabati la nini hili?"
"La akili."
"Basi liwe na pa kupumulia."
Akatoboa matundu. Kisha Aprili ikaleta wale wadudu
wanaopanda juu ya ziwa kama moshi wa tanuri,
wakiifuata taa, wakiifuata pumzi.
Kwenye feni niliweka nyavu ya dagaa: walipita.
Nikakata kona ya chandarua changu.
Tangu hapo mbu wananila mimi,
mashine imelala salama.

Usiku wa kuiwasha niliazima televisheni ya jirani.
Nilibonyeza. Kimya.
Nikachomoa kijiti cha kumbukumbu, nikakipuliza,
nikakirudisha hadi kikasema *ta*.
Mlio mmoja, mfupi,
kama mtu anayeitika akiwa chumba cha pili.

Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa,
hivyo ikaniandikia, kwa uhakika kabisa,
Januari mosi, elfu mbili na tisa.
Kidole kilikuwa tayari kuisahihisha.
Nikakiondoa.
Nikaiacha kidogo ndani ya mwaka ule.
Mwaka ule sikuwa nadaiwa na mtu.