Ubavu wa Mti

Machi, na theluji bado yafika magotini hapa Barton.
Kazi yangu ni ya ndani: kumgeuza Bi Ghislaine kitandani,
kumpaka mafuta visigino, kuhesabu vidonge,
asubuhi vinne, jioni vitatu na nusu.
Leo mumewe amesimama mlangoni,
kofia mkononi kama mtu aliyekuja kukopa.
Mikono inamtetemeka, asema,
keekee haitulii.

Nikavaa buti zake za zamani, soksi jozi mbili ndani,
nikamfuata msituni.

Wenyeji wana jina lao; mimi nauita mti wa sukari,
maana hatujazoeana.
Mzee Normand akalipapasa gome
kama daktari apapasavyo tumbo la mtoto,
akitafuta kovu la mwaka jana, la mwaka juzi.
"Hapa. Si juu ya jeraha la kale.
Pembeni, shibiri moja."
Nikazungusha keekee.
Unga ukatoka mweupe,
halafu kimya kidogo,
halafu tone.

Si utomvu wa mfenesi, unaonata vidoleni hadi Jumapili.
Maji. Nikayaonja:
maji yaliyosikia habari za sukari
kwa mtu wa tatu.
Tone likagonga ndoo tupu. Ti.
Jingine. Ti.

Sipendi mahubiri yanayookota mfano kila kichaka.
Baba alikuwa mwinjilisti; kwetu hata mbuzi akikata kamba
lilipatikana fungu la kumsomea.
Kwa hiyo nilijizuia.
Nikautazama ule ubavu uliotobolewa, maji yakitoka,
nikajiambia: ni mti tu. Nyamaza.

Na kunyamaza nakujua.
Sijasali tangu Novemba,
tangu simu ile ya saa tisa usiku kutoka Kamachumu:
Mama amepumzika, mazishi kesho.
Karatasi zangu zilikuwa Boston, ofisini,
chini ya karatasi za watu wengine.
Nilimzika kwa simu,
picha ikikwama kila waliposhusha jeneza:
likashuka, likagoma, likashuka.
Arobaini yake ilipita nikiwa zamu.
Nilikunja kanga yake,
na Baba Yetu nikaikunjia humo humo.

"Kwa nini Machi?" nilimwuliza mzee.
"Kwa nini si kiangazi, kukiwa na joto na majani?"
Akacheka kwa pua.
Kiangazi hautoi kitu, akasema.
Ni lazima usiku ugande, mchana uyeyuke.
Ukiganda moja kwa moja, hupati.
Ukiyeyuka moja kwa moja, hupati.
Akainama kukaza ndoo, hakuongeza neno.

Tukakusanya hadi jua likalala upande.
Ndoo arobaini za maji haya, alisema,
ukizichemsha, asali ndoo moja.
Arobaini!
Ee Baba mwinjilisti, nilicheka kwa sauti,
maana ilikuwa juma la tatu la Kwaresima
na wewe ungekuwa umeshapanda mimbari.

Usiku, bandani, mvuke ukitafuta mianya ya paa,
nilichota kijiko cha kwanza nikampelekea Ghislaine,
ambaye hajasema neno tangu Krismasi.
Akalamba. Akafumba macho.
Hakusema neno; siandiki muujiza.
Alifungua tu kinywa tena,
kama kinda.

Nikatoka kuzima taa.
Ndoo zilikuwa kimya, baridi imeshika,
mti umeganda na shimo lake.
Nikatia ncha ya kidole pale,
kama yule mwanafunzi aliyechelewa kuja, akataka kugusa.
Pabichi. Pa baridi.
Baba yetu, nikaanza, uliye
nikakwama hapo, kama picha ile ya simu.

Kesho kutakuwa na jua, mzee kasema.
Kesho patadondoka.